Mafundi Chuma Waandikiwe Juu ya Kaboni

Katika kila kilo mia za nondo zinazofungwa ndani ya zege la nyumba zetu, kaboni aghalabu haifiki hata nusu kilo, na kaboni hiyo, iliyo jamii moja na makaa tunayopikia, haionekani kwa jicho, hainuki, wala haiongezi uzito ambao mnunuzi angeuhisi mkononi. Walakini ndiyo inayoamua, kwa sehemu kubwa, kama chuma kitapinda bila ya kuvunjika, kama kitakubali kuchomelewa, kama kitashika makali kikinolewa, au kama kitapasuka mara ya kwanza kupigwa nyundo. Kikiwa na kaboni ya asilimia 0.1 au 0.2, chuma ni laini, huvutika kuwa waya na msumari; kikifika asilimia 0.7 au 0.8 hufaa kwa reli za garimoshi. Kikizidi asilimia 1 kidogo hutengenezwa tupa na wembe. Na kikivuka asilimia 2 huacha kuwa chuma cha pua, kikawa chuma cha kusubu, ambacho humiminika vizuri ndani ya kalibu na hufaa kwa majiko na viwiliwili vya vyerehani, lakini hakivumilii nyundo. Umbali wote baina ya msumari na wembe, basi, ni kama sehemu moja katika mia.

Wanakemia wa Ulaya wa mwanzo wa karne ya 19 waliita kabureti muungano wa kaboni na metali, na pale kaboni ilipokuwa haba mno mbele ya metali yenyewe walitumia jina sabukabureti, ambalo leo limesalia katika kamusi kubwa na vitabu vya kale tu, maana wataalamu wa sasa husema kabidi, tena wanajua kwamba chuma cha pua si muungano mmoja wenye kadiri isiyobadilika bali ni mchanganyiko wa hali kadhaa. Jina limekwenda zake na sioni haja ya kulirudisha. Jambo lililokusudiwa nalo ndilo lililobaki, nalo ni zito: kwamba kitu kichache, kikipimwa sawasawa, hutoa hukumu juu ya kingi. Juu ya jambo hilo mafundi wetu wa Afrika ya Mashariki, ambao riziki yao ya kila siku imo katika chuma, wameachwa karibu bila ya maandishi yoyote katika lugha wanayoitumia kazini, na makala haya yanaandikwa kudai haki yao ya kuandikiwa.

Uwezo huo wa kaboni una sababu, na sababu yenyewe inafaa kuelezwa taratibu. Chuma kikiwa baridi, atomu zake zimejipanga kwa namna ambayo kaboni haipati pa kuingia ila kwa uchache usiotajika. Kikitiwa moto hata kikawa chekundu kwelikweli, kuanzia nyuzi 727 za Selsiasi na kuendelea kwa kadiri ya kaboni iliyomo, atomu hizo hujipanga upya, mapengo baina yake yakawa mapana zaidi, na kaboni ikaenea humo kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Kikiachwa kipoe polepole, kaboni hutoka ikajitenga, ikashikana na chuma, atomu moja ya kaboni kwa atomu tatu za chuma, ikazaa kitu kigumu sana kiitwacho sementiti, chenye kaboni ya takriban asilimia 6.7, ambacho Frederick Abel wa Uingereza alifaulu kukitenga na kukichunguza mwaka 1885. Na kitu hicho hulala ndani ya chuma laini kwa tabaka nyembamba zinazopishana, zisizoonekana ila kwa hadubini. Lakini chuma kikitoswa majini ghafla, kaboni haipati muda wa kutoka: hunaswa pale ilipo, ikakaza safu nzima ya atomu, na chuma kikawa kigumu hata tupa huteleza juu yake. Hii ndiyo sababu mhunzi akitosa kisu kilichofuliwa kwa springi ya gari, yenye kaboni ya kama asilimia 0.6, hukitoa kigumu, na akitosa kipande cha nondo laini hukitoa karibu vilevile kilivyoingia, hata akirudia kazi hiyo mchana kutwa.

Ugumu huo wa kutoswa, ukiachwa peke yake, ni hasara, kwa sababu chuma huwa chepesi kuvunjika. Sharti kirudishwe motoni kidogo, na hapo ndipo fundi mzoefu anapoonyesha ustadi ambao hakuna kitabu kilichompa. Husugua upande mmoja wa kisu mpaka ung'ae, akakishikilia juu ya kaa, macho yake yakaganda pale penye mng'ao. Huja kwanza rangi ya manjano hafifu, rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Na kila rangi ina kazi yake, kwa kuwa wembe hutolewa ikiwa bado manjano, shoka hutolewa ikielekea zambarau, na springi huachwa mpaka buluu. Rangi hizo ni utando mwembamba wa kutu ya moto, unaozidi unene kadiri joto linavyopanda kutoka nyuzi 200 na kitu hata nyuzi 300, nao humtumikia fundi badala ya kipimajoto. Fundi huyo anajua mengi, ila hajaambiwa kwamba rangi zote hizo hazina maana yoyote iwapo chuma alichookota hakina kaboni ya kutosha tangu mwanzo.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja, wala haikupatikana na wenye vitabu peke yao. Kwa dahari nyingi watu walitengeneza chuma cha pua bila ya kujua kinachokitenga na chuma kingine, na kila mji wenye wahunzi hodari ulikuwa na siri zake: huyu alisema maji ya mto fulani ndiyo yanayotia ugumu, yule alisifu mkojo wa mbuzi, na wengi wa wenye elimu waliamini kwamba pua ni chuma kilichotakaswa na moto hata kikawa safi kuliko vyote. Mfaransa Réaumur, aliyetoa kitabu kikubwa juu ya kugeuza chuma kuwa pua mwaka 1722, alitambua kinyume chake, ya kuwa pua ni chuma kilichopata kitu cha ziada; lakini alikidhania kitu hicho kuwa salfa na chumvi. Torbern Bergman wa Uppsala, nchini Uswidi, mwaka 1781 alitia katika asidi vyuma vya aina mbalimbali, akapima masalio meusi yaliyobaki chini ya chombo, yaliyo jamii moja na kile tunachoandikia ndani ya penseli, akaona kwamba chuma laini huacha kidogo, chuma cha pua huacha zaidi, na chuma cha kusubu huacha kuliko vyote viwili. Hesabu alikuwa nayo mkononi, ila maana yake haikumfungukia, kwa kuwa alikuwa angali ameshikilia mafundisho ya zama zake kwamba vitu huungua kwa sababu ya asili moja isiyoonekana iliyoitwa flojistoni.

Walioitoa maana hiyo wazi ni Wafaransa watatu, Vandermonde, Berthollet na Monge, katika risala waliyoiweka mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1786, wakithibitisha kwamba chuma laini, chuma cha pua na chuma cha kusubu ni chuma kimoja, na kinachovitofautisha hasa ni kadiri ya makaa iliyomo. Mwaka uliofuata Guyton de Morveau, Lavoisier, Fourcroy na Berthollet huyohuyo walitoa kitabu cha majina mapya ya kemia, na kaboni ikapata jina lake na miungano yake ikapata majina yake. Hata hivyo palihitajiwa ushahidi usio na shaka, kwa sababu makaa ya kawaida yana majivu na takataka nyingine, na mshindani angeweza kusema kwamba ni hizo takataka zinazogeuza chuma. Ushahidi huo ulitafutwa katika almasi, ambayo Smithson Tennant alikwisha kuonyesha mwaka 1797 kwamba ni kaboni tupu. Mwaka 1815 Mwingereza William Hasledine Pepys alichukua waya wa chuma laini, akaupasua katikati kwa msumeno mwembamba, akaujaza unga wa almasi, akaufunga vizuri, kisha akapitisha ndani yake umeme wa betri kubwa mpaka ukawa mwekundu. Baada ya dakika chache almasi ilikuwa imetoweka na waya umekuwa chuma cha pua. Sijui jaribio jingine katika historia ya kemia linalostahili zaidi kusimuliwa mbele ya wanafunzi wa shule zetu.

Lakini tukio ninalolithamini kuliko hayo yote lilitokea kabla ya Pepys, mwaka 1793. Ufaransa ilikuwa vitani na karibu majirani zake wote. Chuma cha pua, ambacho ilizoea kukinunua Uingereza na Ujerumani, kilikuwa hakiingii tena. Na silaha na zana za karakana hazikuweza kungoja. Kwa amri ya Kamati ya Usalama wa Umma, iliyokuwa na hatamu za utawala, wanazuoni walewale watatu, Vandermonde, Monge na Berthollet, waliketi wakaandika kijitabu kilichoitwa Avis aux ouvriers en fer sur la fabrication de l'acier, yaani waraka kwa mafundi chuma juu ya kutengeneza pua. Hawakukiandika kwa Kilatini, lugha ambayo Bergman alikuwa ameandikia uchunguzi wake, wala hawakukiandika kwa ajili ya wenzao wa Akademia. Walikiandika kwa Kifaransa, kwa watu wenye mikono iliyopauka kwa masizi, wakiwaeleza chuma kina hali ngapi, hali hizo hutofautiana kwa nini, na vipi chuma hutoka katika hali hii kuingia katika hali ile. Wenye elimu ya juu kabisa katika dola waliona kwamba elimu yao haijakamilika mpaka imfikie mtu aliyesimama mbele ya fuawe.

Waraka wa namna hiyo sisi hatuna. Tunavyo vitabu vya kemia vya sekondari ambavyo, kwa sehemu kubwa, vimeandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hukariri humo tanuri la upepo na mlinganyo wake wa kemia, akafaulu mtihani, akasahau. Na tunao mafundi maelfu kwa maelfu katika vyuo vya ufundi stadi na katika vibanda vya jua kali, wanaozungumza Kiswahili tangu alfajiri hadi magharibi, wanaokata, kufua, kuchomelea na kutosa, na ambao hawajapata kusoma katika lugha hiyo ukurasa mmoja wenye kuwaambia kwa nini chuma hiki kinakubali na kile kinakataa. Makundi mawili hayo huishi katika mji mmoja, aghalabu katika mtaa mmoja, na hayakutani.

Wala asidhani mtu kwamba katika jambo la chuma sisi ni wageni tunaoomba kuazimwa. Al-Kindi, mwanafalsafa Mwarabu wa karne ya 9, katika risala yake juu ya panga aligawa vyuma kuwa kigumu, laini, na kile cha tatu, fuladhi, ambacho hakichimbwi bali hutengenezwa. Na katika karne ya 12 al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme Roger wa Sisilia, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba biashara ya chuma ndiyo iliyokuwa faida yao kubwa, na kwamba chuma cha Sofala kilichukuliwa mpaka Bara Hindi, kwa mafundi ambao panga zao zilikuwa na sifa ulimwengu mzima. Mavi ya chuma yaliyofukuliwa na wanaakiolojia katika magofu ya Pwani, mathalan kisiwani Manda, ni shahidi wa kutosha kwamba kazi hiyo ilifanywa kwetu.

Ushahidi ulio mzito zaidi, hata hivyo, uko bara, magharibi ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya. Huko, karibu na Ghuba ya Kemondo na pahali paitwapo Katuruka, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya matanuri ya zamani sana, yaliyotumika yapata miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Kuyafukua hakukumtosheleza. Mwaka 1976, yeye pamoja na mtaalamu wa metali Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya, waliojifunza kazi hiyo ujanani mwao kabla vyuma vya bei nafuu kutoka Ulaya havijaiua, walijenge tanuri upya na kuyeyusha mbele yao. Wazee walichimba shimo, wakachoma ndani yake matete ya kinamasi mpaka likajaa makaa membamba ya matete. Juu yake wakainua ukuta kwa mapande ya mavi ya chuma ya zamani, wakiyashikanisha kwa udongo wa kichuguu. Wakapenyeza mabomba marefu ya udongo mpaka ndani ya tanuri. Wakafunga mivukuto ya ngozi, wakavukuta saa baada ya saa kwa zamu, huku nyimbo zikiwashika mikono isiachane. Kazi haikufaulu mara ya kwanza, kwa maana wazee walikuwa hawajaishika kwa miaka mingi. Wakasahihisha, wakarudia, na mwisho wakapata bonge la chuma ambalo ndani yake mlikuwa na chuma cha pua chenye kaboni ya wastani. Habari hiyo ilitangazwa katika jarida la Science mwaka 1978, ikawashangaza wengi waliokuwa wakidhani kwamba pua ya Afrika haikupatikana ila kwa bahati.

Ni haki kusema kwamba wataalamu wengine walibishana na Schmidt na Avery, hususan juu ya dai lao kwamba hewa ilipata moto mkali ndani ya mabomba kabla ya kuingia tanurini, na ubishi huo wa wanazuoni hauna haja ya kutuudhi, kwa kuwa ndivyo elimu inavyochujwa. Kitu ambacho kimenikaa moyoni ni yale matete. Hakuna aliyewaambia wazee wale kwamba matete yaliyoungua ni kaboni, wala kwamba matone ya chuma yakianguka juu yake hunywa kaboni hiyo kwa kadiri. Lakini shimo halikuachwa wazi, wala halikujazwa majani yoyote yaliyo karibu. Walijua kipi kiwekwe na wapi kiwekwe. Na mtaalamu aliyekuja na vipimo vyake alielewa kilichokuwa kikitendeka kwa sababu alikaa karibu na mikono yao. Laiti mkutano kama ule usingalikuwa wa utafiti tu, ukafanyika mara moja kijijini kisha matokeo yake yakasomwa ng'ambo kwa lugha ambayo wajukuu wa wazee wale wengi wao hawaisomi!

Kuna watu watakaosema kwamba zama za mivukuto zimepita, na kwamba nchi zetu sasa zinahitaji viwanda vikubwa, si vijitabu. Nawajibu kwa habari ya Henry Bessemer, aliyetangaza mwaka 1856 njia ya kupuliza upepo ndani ya chuma cha kusubu kilichoyeyuka, kaboni ikaungua yenyewe, joto likapanda bila ya kuni wala makaa, na kwa muda wa kama dakika 20 chuma kikawa tayari. Wenye viwanda walikimbilia kununua ruhusa ya kuitumia njia hiyo, wakajenga, wakapuliza, wakapata chuma kibovu kinachovunjikavunjika. Kwa maana mawe yao yalikuwa na fosforasi, na upepo uliokuwa ukiondoa kaboni ulikuwa ukiacha oksijeni ndani ya chuma na kuondoa kaboni yote bila ya kipimo. Dawa ya upungufu huu wa pili ilitoka kwa Robert Mushet, mtu aliyekulia kandokando ya matanuri ya Forest of Dean: kaboni iachwe iungue yote, kisha irudishwe kwa kadiri inayojulikana, ikichukuliwa ndani ya aina ya chuma chenye manganizi. Tanuri lilikuwa kubwa na jipya, fedha zilikuwa zimetolewa, na bado kazi nzima ilisimama ikingoja mtu anayejua kadiri.

Kwa hiyo nikisoma habari za mawe ya chuma ya Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, huko Ludewa, ambazo zimesemwa tangu wengi wetu tukiwa watoto, huona kwamba mazungumzo yote ni ya tani na ya fedha na ya nani atakuja kujenga, na ni nadra kusikia likiulizwa swali la nani atajua kinachotoka. Mawe ya Liganga yana titani na vanadi ndani yake, na titani ina tabia ya kufanya mavi ya chuma yawe mazito yasitiririke tanurini. Kazi hiyo itataka watu wengi wenye kuelewa, si mhandisi mmoja mgeni mwenye mkataba. Watu hao hawatashuka siku tanuri litakapowashwa. Huandaliwa kabla, na mahali pa kuwaandaa ni pale chuma kinaposhikwa kila siku.

Na chuma kinaposhikwa kila siku, kutojua kadiri ya kaboni kuna gharama leo, bila ya kungoja Liganga. Viwanda vyetu vingi vya nondo huyeyusha chuma chakavu, na ndani ya lundo la chuma chakavu mna springi, mna reli, mna mabati, mna gia, kila kimoja na kaboni yake. Mwenye kiwanda mwaminifu hupima kila sufuria ya chuma kabla ya kukimimina, lakini mnunuzi wa mtaani hana habari hata kwamba kuna la kupimwa. Nondo inayofaa kuchomelewa aghalabu haizidishwi robo ya moja katika mia. Fundi akichomelea chuma chenye kaboni nyingi kama anavyochomelea grili ya dirisha, upande wa pembeni mwa kiungo hupata moto mkali kisha hupozwa ghafla na ubaridi wa chuma chenyewe, ukawa umetoswa bila ya maji: huwa mgumu, huwa mwepesi kuvunjika, na ufa hutokea kandokando ya kiungo kilichoonekana kizuri. Wenye magari hurudi wakimlaumu fundi kwa ekseli iliyokatika tena palepale, na fundi huongeza chuma juu ya chuma, akazidisha madhara. Laiti angejua kwamba kipande kile sharti kipashwe moto kwanza, kichomelewe kwa vijiti vilivyo vikavu vinavyostahili kazi ile, kisha kifukiwe katika majivu au mchanga mkavu kipoe taratibu, angeokoa kazi yake, jina lake, na pengine roho za abiria.

Tena njia ya kutambua ipo, nayo haihitaji mashine ya thamani. Nimesimama mara nyingi katika karakana nikitazama grenda ikisaga. Chuma laini kikiguswa na jiwe lake hutoa cheche ndefu zilizonyooka, za manjano, zinazogawanyika mara chache tu njiani. Springi ya gari hutoa cheche fupi zaidi zinazopasuka kwa matawi. Tupa kuukuu hutoa kichaka cha nyota kinachoanza karibu kabisa na jiwe. Na chuma cha kusubu hutoa cheche nyekundu, fupi, zinazofifia upesi. Kinachopasuka katika cheche ni kaboni, ambayo ikiungua hugeuka gesi, na gesi hiyo hulipua tone la chuma lililoibeba. Mafundi wazoefu wote wameziona tofauti hizo, na wengine huzitumia kuchagua chuma cha visu. Ila kwa kuwa hawajaelezwa sababu, hawawezi kuyaamini macho yao pale kazi inapokuwa ya hatari, wala hawana maneno ya kumrithisha mwanafunzi zaidi ya kumwambia atazame.

Huweza kusemwa pia kwamba mafundi hawasomi. Anayesema hivyo hajakaa nao. Wanasoma magazeti ya michezo hadi mstari wa mwisho, wanasoma karatasi za maelezo zilizomo katika makasha ya vifaa hata zikiwa za lugha ya kigeni, wakikisia kwa picha, na simu zao zimejaa video za mafundi wa Bara Hindi na Marekani ambazo maelezo yake hawayafahamu. Kiu ipo. Na lugha ipo, kwa kuwa tanuri na kalibu, tupa na fuawe, mvukuto na pua, kusubu na kutosa havikuletwa kwetu na kamati yoyote.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana mwaka huu. Walimu wachache wa kemia na wa uhandisi wa metali kutoka vyuo vikuu vyetu vya Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, wakae pamoja na walimu wa vyuo vya ufundi stadi vya VETA na wahunzi wa karakana, si kwa warsha ya siku moja ya hotelini bali mbele ya moto na jiwe la kusagia, waandike waraka wa kurasa kama 40, wenye picha nyingi na hesabu chache. Uanze kwa cheche, na picha za rangi za kila aina ya chuma. Ufuatishe rangi za kurudisha moto na kazi ya kila rangi. Uwe na jedwali moja la vyuma vinavyopatikana katika lundo la chakavu, springi, ekseli, reli, nondo, bomba, na kadiri ya kaboni inayotazamiwa katika kila kimoja, na kama kinachomeleka kwa urahisi, kwa hadhari, au kisiguswe kabisa. Uwe na ukurasa mmoja juu ya Wahaya na matete yao. Majina ya wahunzi walioshiriki yachapwe kwenye jalada sawa na ya maprofesa, kwa herufi zilizo sawa. Kisha uchapwe kwa karatasi isiyochanika upesi kwa mafuta, uuzwe kwa bei ya paketi moja ya vijiti vya kuchomelea, katika maduka yaleyale yanayouza vijiti hivyo.